Kifungu cha 231 na Mbuzi wa Muthoki

Kaloki wa Tseikuru aliipigia Katiba kura bila kuisoma, na katika hilo hakuwa peke yake. Mwaka 2010 Ndiyo ilikuwa kijani na La ilikuwa nyekundu, na mfuga mbuzi katikati ya kiangazi angechagua rangi gani nyingine? Muthoki, aliyekuwa ameanza kuishi naye mwaka huohuo, alipiga nyekundu kwa sababu mchungaji wao alisema hivyo.

"Wewe umesoma hicho kitabu?" alimuuliza wakirudi nyumbani.

"Nimesoma rangi."

Muthoki alicheka hadi akaketi kando ya njia. Kicheko hicho ndicho Kaloki anachokikosa kuliko chakula.

Walikaa pamoja miaka tisa bila ntheo. Hao ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa baba ya mke, na bila hao, hata mzeeke pamoja, kwa Wakamba mwanamke huyo bado ni binti wa kwao. Kaloki hakukataa kuwapeleka. Alikuwa mtu wa kesho, basi, na kesho yake haikuisha. Januari 2019, mzee Mutiso, babake Muthoki, alituma neno kutoka Tawa kwamba binti yake arudi. Muthoki akakunja nguo zake polepole, kama anayetaka kuzuiwa.

"Kuja na mbuzi kabla ya Krismasi," alisema. "Nitarudi nikiwa bibi ya mtu."

Nyumba ilibaki kimya mno. Kaloki akachimba visima vya watu na kuuza kila kilichouzika, hadi kufikia Aprili akawa na noti thelathini na mbili za elfu moja: bei ya mbuzi, blanketi la mama mkwe na kipande cha mahari. Benki ilikuwa mbali, na kwenye simu alishawahi kutapeliwa. Kwa hiyo akazitia kwenye mkebe, akaufunga barabara, akausukuma ndani ya mzinga wake mmoja wa gogo uliokuwa mtupu, juu ya mgunga. Huko kwao mzinga una alama ya ukoo, na hakuna anayeugusa mzinga wa mwenzake.

Mwezi wa tano nyuki wakahamia. Kaloki alifurahi mpaka akaimba. Sasa fedha ya Muthoki ilikuwa na walinzi, tena walinzi wenye kutengeneza asali, na asali ndiyo kitu mzee Mutiso alichokipenda kupita mbuzi.

Mwezi wa sita redio ikatangaza noti mpya zisizo na sura ya mtu, na kwamba elfu ya zamani ingekufa tarehe thelathini Septemba. Muktar, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa rafiki yake, alimfuata hadi nyumbani.

"Kaloki ndugu yangu, kama uko na elfu za zamani, badilisha. Mimi mwezi ujao sichukui."

"Nikifungua saa hii nyuki watahama, na asali haijaiva."

"Na benki wakifunga?"

"Wafunge nini? Serikali ni kuongeza muda tu. Kujiandikisha kura si huwa wanaongeza?"

Msimcheke sana. Nusu ya nchi ilifikiri hivyohivyo. Lakini Septemba ikaisha, na hakuna aliyeongeza hata saa moja. Kaloki alipopanda mgunga ule Oktoba, alishuka na ndoo ya asali nzuri na mkebe wa makaratasi. Alizitazama zile noti, safi, hazina hata kunyanzi, akashindwa kuelewa zilikosa nini.

Angeingiaje Tawa na kumwambia mzee kwamba amepoteza mbuzi wake kwa kungoja nyuki? Akabadilisha laini ya simu, akaenda Kibwezi kumwagilia nyanya za watu kwenye shamba la kando ya mto. Sokoni akanunua Katiba ya Kiswahili, akaisoma hatimaye. Kifungu cha 231 alikijua kwa moyo. Kilisema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Kilisema pia kwamba Benki Kuu, katika kazi yake ya kutoa fedha na kulinda bei, haielekezwi na mtu wala mamlaka yoyote. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mwanasiasa aliyemtegemea aongeze muda hakuwa na mkono huko, na kwamba noti ni neno la benki, nayo benki imeruhusiwa kuliondoa neno lake. Sheria nzuri, aliona. Angeipigia tena. Lakini usiku ulipoingia alimtaka Muthoki amsomee kwa ile sauti yake ya kwaya, na hilo hakuna kifungu kilichompa.

Ilimchukua miaka sita kufikisha mbuzi watatu, kwa maana mara mafuriko, mara malaria. Agosti 2025 akawafikisha Tawa. Muthoki alikuwa uani akipepeta ndengu, nywele zimeingia mvi mbele. Alimtazama, akawatazama mbuzi, akaweka ungo chini.

"Mzee yuko?" Kaloki aliuliza.

"Baba tulimzika mwaka juzi."

Kaloki akabaki na kamba mkononi. Kisha akaeleza yote, mzinga, nyuki, Septemba, bila kuinua macho. Muthoki hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na bahasha iliyochakaa, akaimwaga juu ya ungo: elfu za zamani, kumi na tisa.

"Hizi ni za baba. Alificha kwa godoro, yeye pia akingoja waongeze. Aliona aibu mpaka akatukataza kuambia watu." Akazipanga tena taratibu. "Ungekuja na zako, Kaloki. Angekukalisha hapo, mcheke pamoja. Hakuwa na mwingine wa kucheka naye."

"Na wewe?"

"Nilikungoja miaka tatu. Nikachoka kungoja. Kukukumbuka ndiyo sikuchoka."

Kaloki aliketi kwenye udongo palepale alipokuwa, akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mbuzi wale watatu ambao hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba wangeweza kungoja, yeye aje kwanza.