Wasifu wa Baba

Tangu waniondoe kwenye taarifa ya habari ya runinga, situlii. Nyumbani kwangu Kijenge nikikaa nainuka, nikiinuka sijui ninakokwenda. Kosa langu nchi nzima inalijua, au tuseme mtaa mzima. Siku hizi napima maneno. Mvua zilipojaza maji Olasiti, nilitangaza kwamba yalinifika kifuani nikiokoa watu. Kumbe mama mmoja alinirekodi akiwa barazani kwake: nimesimama, suruali nimeikunja, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Nikaangukia ushereheshaji wa harusi. Hata huko hawaniachi.

"MC, leo maji yamefika wapi?" wanauliza wajomba wa bwana harusi, nami nacheka huku nimekasirika.

Halafu baba akafariki, Nkoaranga. Mama akasema wasifu nisome mimi, kwa kuwa marehemu aliipenda sauti yangu. Kaka yangu alikuwa ameshauandika: mkulima hodari wa kahawa, mpatanishi wa ukoo, mtu asiyegombana na yeyote. Sasa mimi nilimjua baba. Nusu ya mibuni aliing'oa kwa hasira ya bei akapanda maharage, na jirani yetu wa chini walinuniana miaka na miaka kwa sababu ya mfereji wa maji.

Kila aliyewahi kukaa msibani anajua wasifu hunyunyiziwa manukato kidogo, na hakuna anayedanganyika. Lakini niliposimama chini ya turubai nikaona macho yale yote, nilihisi wananisubiri nidanganye tena. Nikaingiwa na hofu, na kiburi pia. Sifa zote nikaziruka. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akalima, akaugua, akafariki. Nilimaliza kabla wanakwaya hawajakaa vizuri.

Nikajiambia, sasa wataniamini.

Yule jirani wa mfereji akainuka, akamwomba mchungaji kipaza sauti. "Mzee huyu alikuwa mpatanishi wetu," akasema. "Hakuna aliyekwenda kwake na ugomvi akarudi nao." Akajifuta machozi kwa kofia yake. Wazee wakaitikia, "Kweli kabisa." Nami nilikuwa najua kwamba yeye na baba hata salamu walikuwa hawapeani.

Tulipotoka kuzika nilimfuata mama alipokaa na shangazi zangu. Nilitaka aniambie nimesoma vizuri. Ukubwa huu wote, nilitaka hilo tu.

"Mwanangu, watu wa runinga usiowajua hata majina uliwatilia chumvi mpaka ikamwagika," akasema. "Baba yako aliyekuzaa, ukambania."