Lenzi Isiyopiga Hodi

Batuli binti Maulidi hakuwa mpiga picha hodari kuliko wote Bagamoyo, wala hakudai hivyo. Kilichomlisha kwa miaka sita ni neno moja. Siku ya kumsinga bibi harusi, kumsugua mwili kwa liwa na manukato, alipoingia chumba cha wanawake, mahali ambapo mwanamume hakanyagi na mitandio hutundikwa misumarini, hakuinua kamera mpaka aseme, "Hodi, jamani!" Wa kujifunika wakajifunika, asiyetaka akageuza uso, ndipo wakamjibu kwa pamoja, "Karibu, piga!" Neno hilo hakufundishwa na mtu. Lilimtoka siku ya kwanza kwa haya, likabaki. Kwa ajili yake aliitwa kuanzia Kerege hadi Fukayosi, hata kwenye nyumba ambazo picha ya mwanamke haitoki nje ya kabati.

Kamera yake ilikuwa ya wanaoanza, na lenzi ni ile fupi iliyokuja nayo ndani ya boksi. Ilimlazimu asogee karibu kabisa. Samia, aliyepiga picha za sherehe za mahotelini, alimtania mbele ya kadamnasi:

"Shoga, wewe hupigi picha, unabusu watu!"

Watu wakacheka. Batuli naye akacheka, lakini neno lile alikwenda nalo nyumbani akalala nalo.

Mwezi wa Shaabani, harusi zilipopamba moto, aliuza cherehani ya marehemu mama yake akaenda Kariakoo kutafuta lenzi. Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Mikdad, alimuuliza swali la mtu anayeijua kazi yake.

"Unapiga wapi zaidi, dada? Ndani au nje?"

"Ndani. Kwa kina mama."

"Basi chukua hii." Akamwekea mezani lenzi fupi, nene. "Haivuti mbali, ila inakunywa mwanga. Chumba kiwe na taa moja tu, yenyewe inaona."

"Mbona fupi kama niliyonayo?"

"Urefu si hoja. Hii ndefu ni ya mpira na ndege. Ndani itakupa ukungu mtupu."

"Nipe hiyo ndefu niione."

"Ndege gani hao, dada, wa chumbani kwa bibi harusi?"

Batuli hakucheka. Aliifunga ile ndefu kwenye kamera, akasimama mlangoni pa duka, akaielekeza ng'ambo ya barabara. Akamwona muuza kahawa anajikuna sikio, karibu kama amemshika bega, na mwenyewe hana habari. Raha aliyoipata pale ni raha ya kuona bila kuonekana, na raha hiyo haijapata kumtengeneza mtu. Ushauri wa haki alipewa, akauacha juu ya meza pamoja na lenzi fupi, akalipia ile ndefu.

Juma lililofuata aliitwa kwenye singo ya Nasrin, katika nyumba kongwe ya mjini. Ukumbini hakukuwa na mwanga wa kuitosha lenzi, kama alivyoambiwa, kwa hiyo akatoka akasimama mwisho wa ua, karibu na jiko, penye jua la alasiri. Kutoka kule hodi isingesikika. Hakuipiga.

Upande wa pili wa ua, shangazi wa bibi harusi, Bi Kibibi Msabaha, alikuwa ameketi peke yake kwenye kizingiti cha ukumbi. Alimwona Batuli mbali, akajua hapigwi picha. Joto lilikuwa kali. Akavua mtandio kufuta jasho, huku akimtazama mtoto wa kaka yake akipakwa liwa, na machozi yakamtoka. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja.

Batuli akabonyeza. Alidhani bibi amenyoa tu, kama wafanyavyo wazee wengi. Hata kama angekuwa amenyoa, kichwa kile hakikuwa chake kukionyesha. Jioni aliiweka picha ile kwenye stetasi ya simu yake, ikiwa na maneno "Machozi ya shangazi", na akahesabu mioyo aliyotumiwa. Wa kwanza kuisambaza alikuwa Samia, akamwandikia: "Sasa umekuwa mpiga picha."

Kabla ya ndoa kufungwa, mji mzima ulishajua kwamba nywele zile hazikunyolewa, zilinyonyoka kwa dawa. Safari za Bi Kibibi za kila mwezi kwenda Dar es Salaam "kumtazama binti yangu" zilikuwa za kupigwa sindano za saratani. Nasrin ndiye aliyekuja kumweleza Batuli, hina bado mbichi mikononi.

"Alituapisha tusiseme. Alisema, 'Watanitandikia mkeka wa matanga nami ningali nakula wali.' Sasa wanakuja, Batuli. Wanakuja na nyuso za msibani, wanamshika mkono wanalia. Jana mmoja amemwomba radhi za mwisho!"

"Sikujua, mdogo wangu. Wallahi sikujua."

"Ungepiga hodi angejifunika. Ungehitaji kujua nini, na kwa nini?"

Picha ilifutwa, lakini ilishafika Makurunge. Walioisambaza ndio hao hao waliosema Batuli hafai kuingia kwa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kidole chake kilifanya nini. Singo tatu alizokuwa ameahidiwa zilipata mtu mwingine. Lenzi ndefu ikabaki kabatini.

Siku ya tatu baada ya harusi Batuli alijitanda akaenda kwa Bi Kibibi kuomba radhi. Ndani alisikia mbuzi ikikuna nazi, kwa kwa kwa, mkono wa taratibu wa mtu mzima.

"Hodi!"

Mbuzi ikanyamaza.

"Hodi, Bi Kibibi. Shikamoo. Ni mimi, Batuli."

Alisikia kibao cha mbuzi kikilia, kama aliyekikalia amejigeuza kutazama mlango. Akangoja. Kila aliyelelewa pwani anajua kwamba hodi ni tatu, na baada ya hapo mgeni hana haki ila kurudi alikotoka.

"Hodi," akasema kwa mara ya mwisho.

Hakuna aliyesema karibu. Batuli alipogeuka na kushuka ngazi ya baraza, nyuma yake mbuzi ilianza tena kukuna.