Maji Niliyoyameza

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Pasiansi vitu vilinunuliwa viwili viwili. Dada zangu, Kulwa na Doto, walikuwa mapacha, na mapacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, Bibi alisema, nyumba itaugua. Mimi ni Shija, jina la anayezaliwa baada ya mapacha. Niliwaonea wivu sana.

Kwa hiyo siku nilipowakuta watoto watatu wa paka kwenye upenyo wa mawe nyuma ya nyumba, mama yao kagongwa na bodaboda, nilijua nimepata kitu changu. Walikuwa wakipiga chafya, macho yamegandana kwa tongotongo. Niliwabeba kwenye sketi hadi kwa Bibi. Akawatazama, kisha akawaita mapacha.

"Nyie mna mkono wa baraka. Wauguzeni."

"Bibi, mimi ndiye niliyewaokota!"

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Sasa waachie wenye mkono."

Mapacha waliwasafisha macho kwa pamba na maji ya vuguvugu, wakawanywesha mchuzi wa dagaa kwa kijiko. Siku ya tatu macho yakafunguka. Kila jirani aliyepita aliambiwa mapacha wameponya paka. Mimi hata sikutajwa. Nilikaa mlangoni nimenuna, Bibi akaniona.

"Shija, usiwatazame hivyo. Kijicho kinaua watoto wadogo."

Mimi nilitaka paka wale wanijue tu. Asubuhi, mapacha wakienda bombani, nilichota maziwa ya ng'ombe yaliyowekwa kwa chai, nikawanywesha kwa kizibo cha chupa mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Wakanilamba vidole. Sijawahi kufurahi vile.

Baada ya siku mbili wakaanza kuharisha, shingo zikalegea. Bibi hakumuuliza mtu. Alituita uani, akaleta maji kwenye kibuyu. Kwao Bibi, nyumba ikiuguliwa, kila mtu hutaja kinyongo chake, hupiga funda la maji, kisha huyatema chini, na kinyongo kikaenda nayo. Kulwa alisema amemkasirikia Doto kwa sababu ya daftari, akatema. Doto naye akataja lake, akatema. Zamu yangu ikafika.

"Mimi sina neno," nikasema. Nikapiga funda, nikayameza.

Bibi aliliona koo langu likimeza. Akakibeba kibuyu chake, akaingia nacho ndani.

Kesho yake mchana wawili walikufa. Doto alilia mpaka akapata kwikwi. Na hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo: kabla sijasikitika, nilifurahi kwamba safari hii mapacha wameshindwa. Yule wa tatu alipona, akawa anamfuata Kulwa hadi chooni.

Kwa miaka mingi niliamini niliwaua kwa macho. Kisha, ukubwani, nilipata paka wangu mwenyewe, na daktari wa mifugo akanionya nisimpe maziwa ya ng'ombe, yanawaharisha wadogo mpaka wanakufa. Nikakikumbuka kile kizibo. Bibi hakukosea kuhusu kijicho. Hakujua tu kilipitia mlango gani.

Mwaka huu Kulwa amejifungua, kwake Mkolani. Mapacha, bila shaka. Mimi nina miaka tisa katika ndoa na sijapata hata mmoja. Nilipofika, alininyooshea mtoto.

"Mama mdogo, mpokee mwanao."

Mikono yangu ikarudi nyuma yenyewe.

"Kulwa, nipe maji kwanza."

Akaniletea kikombe, akidhani nina kiu. Nikamwambia yote, nimesimama pale pale: maziwa, kizibo, furaha yangu walipokufa. Nikamwambia kwamba namwonea wivu hata sasa, na kwamba naogopa kuwagusa wanawe. Nikapiga funda, nikatoka nje, nikayatema mchangani. Sitasema wivu uliisha. Ila kwa mara ya kwanza haukuwa siri yangu peke yangu.

Niliporudi ndani, Kulwa alikuwa anajifuta macho kwa khanga. Alinionyesha kwa kidevu nikae kitandani, kisha akanipakatisha wote wawili.