Kitindamlo cha Mwangi

Nakumbuka siku moja ya baridi ya Julai, tukikaa mtaa wa Satellite, ndugu yangu Mwangi alipoweka bakuli la uji chini na kusema, "Wambui, hii kitu haipiti tena." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia maji ya mfereji yamekatika. Mama alikuwa akichambua sukuma wiki mlangoni, na mikono yake ikasimama.

Mwangi alikuwa kitinda mimba wetu. Alikuwa weita katika hoteli moja kubwa katikati ya jiji, kijana wa shati jeupe na viatu vya kung'aa. Ugonjwa ulimshika kwenye umio, ile njia ya kupitisha chakula, na madaktari walipoufikia ulikuwa umeshajenga nyumba. Walituambia tumrudishe nyumbani, tumpe anachotaka. Mwanangu, daktari akikuambia umpe mgonjwa anachotaka, sikiliza vizuri, kwa maana hapo anakuaga kwa niaba yake. Mimi sikusikia hivyo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Nikamwuliza, "Unataka nini, Mwangi?"

Akatabasamu. "Ile kitu ya hoteli, yenye inapangwa kwa glasi. Nimebebea watu hiyo kitu miaka yote na sijawahi onja."

Kinyozi hajinyoi, walisema waliotutangulia. Akanieleza ilivyo: yogati nzito chini, juu yake forosadi na stroberi zilizopondwa, juu yake chokoleti nyeusi, ile chungu, kisha yogati tena, na kuendelea hivyo mpaka glasi ijae.

Siku hizo nilikuwa nikifua nguo katika nyumba moja kule Kitisuru. Ua wake ulikuwa na miforosadi, na matunda yalianguka yakatia njia madoa ya zambarau bila mtu kuyajali. Mwenye nyumba akaniruhusu nichume. Stroberi nilizipata kwa mama mmoja pale Dagoretti Corner. Chokoleti nilishuka mjini kuitafuta, na mwenye duka akaniuliza kama kweli nilitaka ile chungu, maana wateja wake wote walitaka tamu. Yogati niliitundika katika kitambaa safi juu ya sufuria, maji yakachuruzika, ikabaki nzito kama malai.

Mwangi alielekeza akiwa kitandani, mto mgongoni. "Pole pole, sista. Usiponde forosadi sana, itapaka yogati rangi. Chokoleti ikwaruze na kisu. Mistari lazima ionekane. Mgeni anakula na macho kwanza."

"Leo mgeni ni wewe," nikamwambia.

Alikula. Mwanangu, alikula! Alifumba macho kila kijiko kilipoingia, akakaa nacho mdomoni kama mtu anayesikiliza redio kwa mbali. Mama akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha, kisha akawatangazia majirani kwamba kijana wake amerudi. Usiniulize tumaini lina ladha gani. Mimi nililiona likiingia nyumbani kwetu, na nimeona pia lilivyotoka.

Tangu hapo nikawa naitengeneza kila siku. Nikaamini kwamba maadamu mimi napanga ile glasi, mauti hayatapata mlango. Mwangi akala nusu, akala robo, mwishowe akawa analamba ncha ya kijiko tu ili nisivunjike moyo. Niliona, nikajifanya sikuona.

Ndipo ikaja alasiri aliyogeuza uso ukutani. Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Kidogo tu, Mwangi. Jaribu. Kwa ajili ya Mama." Akafungua kinywa kunitii, akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, na yogati ikamtiririka kidevuni. Nikamfuta, nikachota tena.

Bi Mwanaisha alikuwa ameketi pale kwenye stuli. Huyu alikuwa jirani yetu, mjane kutoka Lamu aliyesomesha watoto Kurani. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, lakini hakukosa kuja kumjulia hali Mwangi. Akasema, "Wambui, kiweke chini."

"Bibi, mgonjwa haulizwi uji."

"Hiyo ni ya mgonjwa anayeinuka," akanijibu, wala hakupandisha sauti. "Huyu yuasafiri, mwanangu. Wamlisha yeye, au wailisha hofu yako?"

Nilikasirika nusura nimtoe nje. Yeye ni nani wa kunifunza kumpenda ndugu yangu? Lakini nikamtazama Mwangi. Mkono wake ulikuwa umeshika blanketi, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye kijiko. Mtoto niliyembeba mgongoni, sasa alikuwa akiniogopa.

Nikakiweka chini. Nikamshika mkono mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha akasema kwa sauti iliyokuwa imekwisha, "Kula wewe."

"Mimi?"

"Ama ushaonja?"

Sikuwa nimeonja hata siku moja. Nilikuwa nikimwekea yeye yote. Nikala mbele yake, machozi yakichanganyika na maziwa.

"Ni tamu?"

"Ni tamu. Lakini chokoleti ni chungu kidogo."

"Hapo ndipo utamu yake iko," akasema, akafumba macho.

Alikufa kabla wiki ile haijaisha, Mama akiwa amemshika miguu, mimi nimemshika kichwa. Sitakudanganya kwamba baada ya hapo nilipata utulivu. Mama hakurudi kuwa mtu niliyemjua. Alipika akasahau kupakua, aliitwa asiitike, na hatimaye akamfuata mwanawe. Kazi ya Kitisuru niliiacha, kwa maana msimu ulipofika matunda yaliiva vilevile, kama kwamba hakuna aliyekufa. Watu husema muda huponya. Mimi nimezeeka nikiungoja muda huo, na bado haujabisha hodi kwangu.

Basi chukua hili, mwanangu, hasa wewe uliye na mgonjwa nyumbani leo. Akitamani kitu, mtafutie mapema, hata kama ni kitu cha anasa na watu watakucheka. Lakini usimtwike kazi ya kupona kwa ajili yako. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Akisema imetosha, imetosha. Kaa naye. Mshike mkono. Usimwache atumie nguvu zake za mwisho kukuliwaza wewe. Huenda hayo yasikuondolee majonzi, mimi hayakuniondolea. Ila yeye ataondoka akiwa ndugu yako, si mtu aliyekuwa akikutoroka.

Mungu akuepushie kitanda cha namna ile. Na kama hatakuepushia, basi akupe masikio ya kusikia "basi" inaposemwa kwa sauti ndogo, akupe na jirani asiyeogopa kukukanya, na mtu wa kukaa nawe jioni hiyo utakaporudi kutoka makaburini. Amina, mwanangu. Amina.