Scovia na Maziwa ya Jumamosi

Mimi sisifu watu ovyo. Mwanamume niliyemzalia watoto aliuza kiwanja chetu cha Kibagabaga kimyakimya akahamia kwa mwingine, na dada zake wakanicheka. Tangu hapo sifa nazitoa kwa kijiko. Lakini Scovia nitamsifu mpaka ninyi mchoke.

Alizaliwa Uganda, akaletwa Kigali angali ananyonya kidole. Ni mfupi, mwendo wake wa mbiombio hata akienda chooni, na hawezi kupita kiduka changu cha Kimironko bila kunywa bilauri mbili za mgando. Kazi yake ni kompyuta, katika kituo tunachopelekea maziwa yetu. Mimi nina ng'ombe upande wa Busanza, na kila asubuhi huwa wa kwanza kufika kituoni. Pale bidoni, yaani dumu la maziwa, hupimwa, kisha mashine inatoa kibandiko chenye tarehe na saa.

Jumatatu moja Kabera, msimamizi, alilitoa bidoni langu nje mbele ya foleni nzima.

"Mama Kaze, haya maziwa iko ya Jumamosi. Soma!"

"Nimekamua leo. Onja."

Hakuonja. Kibandiko kilimtosha. Akasema yalipimwa Jumamosi nami nimeyarudisha kwa mlango wa nyuma, na kwamba nisilete tena hata tone. Kwetu afadhali uitwe mwizi wa mbuzi kuliko kuitwa muuza maziwa yaliyolala. Hata kabla ya saa sita, wateja wangu walikuwa wakipita dukani wakitazama upande mwingine.

Scovia hakupita. Aliingia, akamaliza bilauri ya kwanza, ndipo akaniuliza nani amekufa. Nilimwonyesha kile kibandiko.

"Banange! Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mama Kaze, Jumamosi si ilikuwa umuganda, mji mzima kwenye kazi ya pamoja? Saa mbili ulikuwa wapi?"

"Ningekuwa wapi? Mtaroni na wenzangu, tunazibua. Kabera naye alikuwepo, ameshika koleo la kupigia picha."

Alicheka mpaka mgando ukampalia. "Basi kituo kilikuwa kimefungwa mpaka mchana. Hii saa ni ya leo, Mama. Tarehe ndiyo imelala."

Alinieleza huku akijifuta mdomo. Kituoni kuna programu kuukuu, ya kupima na kuandika. Hiyo saa huisoma kila mara, lakini tarehe huiuliza mara moja tu, inapoamshwa. Zamani karani aliizima kila jioni, kwa hiyo haikukosea. Jumamosi ileile mchana wameleta programu mpya ya simu, nayo huiita ile kuukuu kila bidoni linapofika. Ili isingoje, mpya huacha nakala kadhaa za kuukuu zikiwa macho mlangoni. Ile ya mbele ilikuwa macho tangu mchana huo, Jumapili kituo hakifunguliwi, na hakuna aliyeiambia kwamba siku zimepita. Waliofuata walihudumiwa na nakala zilizoamshwa asubuhi ile. Wa kwanza kwenye foleni akapewa ile ya mbele.

"Yaani nimeponzwa na kuwahi?"

"Umeponzwa na sisi, Mama."

Nilitaka kulia, lakini huwa silii mbele ya wateja, hata akiwa mmoja.

Hakugusa ile programu kuukuu, kwa kuwa aliyeiandika hayupo tena na kila mtu anaiogopa. Alibadilisha ile mpya: kila inapoiita kuukuu, kwanza iiambie leo ni tarehe ngapi, ndipo kazi ianze. Kesho yake alinifuata mwenyewe na kunisimamisha mbele ya foleni. Kibandiko kikatoka. Jumanne.

Kabera akanong'ona, "Sawa, Mama. Yaishe."

"Bosi, Jumatatu hukunong'ona," Scovia akasema, kwa sauti ya kuita pikipiki. "Uliyakataa maziwa yake mbele ya watu. Yanywe mbele ya watu."

Nilifungua bidoni nikamjazia Kabera bilauri. Alikunywa yote, kwa sababu maziwa ukipewa mkononi huyakatai. Povu likabaki kwenye masharubu yake.

"Yamelala?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Ni ya leo."

Sikumwambia kwamba si kitu. Nilimjazia nyingine, ili na wale wa nyuma waone. Scovia alikuwa ameshanyosha mkono, anadai yake.