Masikio Yangu Hayakusikia la Mkuu

Harufu ya michembe inayokauka haifanani na harufu nyingine. Kiazi kitamu kikishamenywa, kikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani, kwanza kinanuka udongo mbichi, halafu kinaanza kutoa utamu mzito unaowaita nyuki, na wingu likikipitia kikalowa, kinachacha na kunuka kama togwa iliyosahauliwa. Kwetu, upande wa Lusu huko Nzega, kiangazi chote kilinuka hivyo. Michembe ilitandazwa juu ya mawe, juu ya mikeka mibovu, hata juu ya mapaa. Wanawake walikaa kwa duara, visu mkononi, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza mbuzi na kuku. Mimi shule niliishia darasa la tatu, sijui kupamba maneno, lakini nikipita sokoni nikakutana na harufu ile miguu inasimama yenyewe. Kwa hiyo nimeona niyaseme ya kiangazi kimoja, na niwataje waliohusika, maana wao hawakuona haya kunitaja mimi.

Kwenye duara lile la visu ndipo ilipojulikana kwamba nina kipaji. Sema kipaji, lakini ni kitu cha bure kabisa. Nilikuwa naweza kuchezesha masikio. Si kwa mkono. Yenyewe, kama ya ndama anayefukuza inzi, la kushoto kwanza, kisha la kulia, kisha yote mawili, na uso umetulia kama vile sijui lolote. Wasichana wa shule tulikuwa tukinyolewa upara, basi hapakuwa na pa kuyaficha. Jirani mmoja aliponiona aliangusha kisu. “Huyu akiolewa,” alisema, “mumewe hanunui pepeo.” Wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa mikono yenye utomvu. Bibi yangu peke yake hakucheka. Huyo ni mama yake baba, ndiye aliyenilea, kwa sababu baba alikufa nikiwa mchanga na mama akaolewa kwingine. Alinitazama weee, kisha akasema, “Hayo ni ya baba yangu.”

Baba yake, Mihayo, alikuwa mpagazi enzi za misafara, wakibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Bibi alisema jioni kambini watu walipotua mizigo, miguu imevimba na hakuna mwenye hamu ya kuongea, Mihayo alikuwa anakaa karibu na moto na kuyachezesha masikio, na wanaume wazima walikuwa wanacheka kama watoto. Nikamuuliza, “Sasa yalimsaidia nini, bibi?” Akajibu, “Hayakumsaidia kitu. Walicheka, wakalala, asubuhi wakajitwika mzigo uleule.” Nilifurahi kujua nimerithi kitu kutoka kwa mtu, hata kama kitu chenyewe hakichoti maji wala hakipiki.

Niseme hapa jinsi tulivyoishi, bibi na mimi. Kwa mila zetu bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke mwenza, kwa kuwa babu ni mume wetu sote. Babu alikuwa amekufa zamani, lakini bibi alimgombania nami kila siku. Nikichelewa kutoka kisimani alisema, “Mke mwenzangu, ulikuwa kwa mume? Kakupa nini ambacho mimi hanipi?” Nami nilimjibu, “Kanipa khanga, wewe ushazeeka.” Alipenda jibu hilo kuliko chakula. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee huhesabiwa alama ya uchawi. Kwetu miti ilikuwa imekwisha, tulipikia mavi ya ng’ombe yaliyokauka, na moshi wake unakula macho ya mwanamke taratibu, mwaka hadi mwaka. Kila mtu alijua hivyo. Waliolijua wakajifanya hawalijui ndio ninaotaka kuwataja.

Wa kwanza ni Shija, baba yangu mkubwa, mtoto wa mke mkubwa wa babu. Bibi alikuwa mke mdogo, na babu alimwachia majaruba ya mpunga kule bondeni, yanayoshika maji hata mwaka mbaya. Shija aliyatamani majaruba yale wazi kabisa, alikuwa akipita kwenye matuta yake kama anayekagua mali yake. Kiangazi kile ng’ombe wake walianza kufa. Wa pili ni Lubinza, mganga aliyeitwa kutafuta sababu. Wa tatu ni Kasongo, mwenyekiti wa kijiji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi naongeza kwamba wakati mwingine unakiamkia asubuhi, nacho kinakuitikia “marahaba.”

Lubinza alipofika kwa Shija alisikia habari za masikio yangu, akaomba niletwe. Nikaenda mbio, mtoto gani hapendi kuitwa? Akanipa sukari guru. Akasema, “Hebu nione.” Nikamwonyesha. Akasema, “Vizuri sana, mama. Sasa iwe hivi: ukisikia nimekohoa, chezesha. Nikinyamaza, tulia. Ni mchezo tu, wa kuwafurahisha wazee.” Tukafanya mazoezi siku kadhaa. Akikohoa, nachezesha, nalamba sukari. Mwisho masikio yalikuwa yanaitika kikohozi kabla mimi sijaamua. Kijijini ikatangazwa kwamba kitukuu cha Mihayo kina masikio yanayosikia wachawi.

Siku yenyewe watu walijaa uani kwa Shija. Nilikalishwa kwenye kigoda, nimepakwa unga usoni, Lubinza nyuma yangu. Wanawake wa ukoo walipita mmoja mmoja, wakisimama mbele yangu kidogo kisha wakiondoka. Alipita mke wa Shija, kimya. Akapita shangazi, kimya. Nikawa nashangaa mchezo gani huu hauna kikohozi. Ndipo akaja bibi, na Lubinza akakohoa.

Nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga. Nilielewa palepale, kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikayashika masikio yangu kwa ndani, sijui niseme vipi, nikayashika kama unavyomshika mbuzi anayetaka kutoroka. Lubinza akakohoa tena, kwa nguvu. Bibi hakujua lolote juu ya kikohozi. Aliona tu mjukuu wake kapakwa unga na kaogopa, akataka kunituliza kwa njia aliyoizoea. Akainama, akasema, “Mke mwenzangu, umemnunia nani? Mume wetu kafa siku nyingi, na wewe bado unamgombania?”

Baadhi ya watu waliguna kwa kucheka. Nami kicheko kilinipanda kooni, na mtu mwenye masikio kama yangu akicheka tu, yanatembea, hayaulizi. Basi nikang’ata ulimi. Niling’ata mpaka damu ikajaa mdomoni na kunitoka pembeni ikichora njia kwenye unga. Masikio hayakutikisika. Shija akasogea. “Huyu mtoto hasikii!” akasema, na kofi likafuata. Alipotamka maneno hayo yalikuwa uongo, nilikuwa nasikia kila kitu. Baada ya kofi yakawa kweli, kwa sikio la kushoto, mpaka leo.

Sasa sikilizeni alichosema Lubinza. Hakutahayari hata kidogo. Alinyoosha mkono akasema, “Mmeona? Jana masikio haya yalikuwa yanatembea, wote mmeyaona. Leo mbele ya huyu mama yamekufa. Nani kayafunga?” Watu wakaitika kwa mguno mmoja. Yangecheza, bibi ni mchawi. Yametulia, bibi ni mchawi. Tangu siku ile mtu akiniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, namuuliza na aliyesikia je, yeye anavunjika nini?

Mwenyekiti Kasongo alikuwepo, amevaa kofia yake, na neno lake lingetosha kuwatawanya. Alimwambia bibi, “Mama, ondoka kwa usalama wako.” Hilo tu. Vijana walishakimbilia nyumbani kwetu, wakavuta nyasi za paa na kuziwasha. Nyumba iliungua pamoja na michembe yetu ya mwaka mzima. Tuliondoka mimi na bibi na furushi moja, tukapanda lori la pamba mpaka Tabora mjini, kisha treni mpaka Kaliua, kwa kaka yake aliyekuwa mkulima wa tumbaku. Shule ikaishia hapo. Bibi alinifunga kitambaa kichwani, akasema nisiyaonyeshe tena masikio kwa mtu yeyote. Aliishi pale miaka kadhaa akipanga majani ya tumbaku na wengine, na hakuniita tena “mke mwenzangu”. Siku moja nilijaribu mimi kumchokoza, nikamwambia mume kaninunulia khanga. Akasema, “Mwache apumzike.” Alipokufa tulimzika pembeni mwa shamba lile. Kaka yake naye akafa, shamba likauzwa, vichaka vikaota. Mahali penyewe sasa napajua mimi peke yangu.

Shija alikufa mzee sana, kitandani kwake, akila mchele wa majaruba ya bibi. Kasongo alizikwa kwa hotuba. Lubinza sijui aliishia wapi, na sijamtafuta. Siku hizi watu wanasema dunia imebadilika. Kweli, Nzega kuna umeme, wanawake wanapikia gesi, na simu zimeingia kila nyumba. Lakini mwaka jana watoto wawili wa Shija walishuka kwenye treni hapa Kaliua, wakaniulizia, wakaja na kuku na kilo za mchele. Ukoo unaandamwa, walisema. Watoto wanaugua, kazi hazidumu. Wameenda kwa mganga, akawaambia kuna bibi kazikwa mbali na ana kinyongo, lazima wafanye tambiko kaburini kwake. Kwa hiyo waganga wamekufa na kuzaliwa wengine, na bibi yangu bado ndiye anayelaumiwa, alipokuwa hai kwa ng’ombe, na sasa kwa kazi za watu.

“Dada, tuonyeshe tu kaburi,” akasema mkubwa wao. “Mengine tuyaache, ni mambo ya zamani.”

Nikamwambia, “Kaburi nitawaonyesha. Kuku wenu mrudi naye. Kwanza nendeni mkaitishe mkutano wa kijiji, pale pale uani kwa baba yenu. Msimame, mseme kwamba bibi yangu, Nyamizi binti Mihayo, hakuwa mchawi, kwamba baba yenu alitaka majaruba. Mseme kwa sauti, wazee waliobaki wasikie. Kisha mje.”

Mdogo wake akatazama chini. Mkubwa akasema hilo ni gumu, watu watawafikiriaje, na marehemu baba jina lake litakuwaje.

“Na la bibi?” nikamuuliza.

Waliondoka na treni ya kurudi Tabora, na mpaka ninapoandika hapa hawajarudi.