Bisibisi ya Papa

Mpini wa bisibisi hii una alama za meno, na bado unanuka petroli.

Papa, baba yangu, alikuwa kiziwi. Asubuhi ile, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege cha Simi-Simi, wenzake walimngoja kwenye mstari wa mashindano, na gari lake lilikohoa tu tangu alipofunga kabureta kubwa zaidi. Akaishika bisibisi kwa meno, ncha akaigusisha kwenye injini, huku vidole vikizungusha skrubu ya kabureta polepole.

“Mama, kanyaga mafuta,” akaniambia mimi binti yake, bila kufungua meno.

Mngurumo ukanyooka.

“Bon. Iko sawa.”

Nilivyomkodolea macho, akanipa bisibisi. Nikaziba masikio, nikauma palepale alipouma yeye. Injini nzima ikanguruma ndani ya kichwa changu.